Funguo za Shangazi Dolò

Sura ya Tisa

Inspekta Nunzia Milella alikuwa na saa kumi na tano tu, na dakika kumi za mwanzo zililiwa na Sajini Lamanna akishuka garini na magoti yake mabovu.

Kesho saa moja asubuhi mafundi wangebomoa ukuta wa jiko kwenye ghorofa ya tatu, na nyumba ya Addolorata Loiacono ingeunganishwa na ya pili yake. Baada ya hapo hapangekuwa na pa kumrudisha. Mwendesha mashtaka, Dokta De Bellis, alikuwa amemwambia kwa simu bila kumung'unya maneno: karatasi ya kukabidhi funguo ina saini, ina shahidi, ina tarehe. Lete kitu cha kuivunja nami nitasimamisha kazi jioni hii hii. Huna, basi uniache.

Jengo lilikuwa limevishwa majukwaa ya chuma na wavu wa kijani toka chini hadi paa. Nusu ya mtaa wa Libertà ilikuwa hivyo mwezi ule wa Juni, tangu serikali itangaze kwamba kwa sababu ya janga, atakayeziba kuta za nyumba yake zisipitishe baridi atarudishiwa gharama zote na nyongeza juu yake, mradi amalize kwa tarehe. Watu wa Bari, waliokuwa wameishi na baridi yao miaka mia bila kulalamika, ghafla walianza kutetemeka wote.

Ukumbini, ukuta wa matangazo ulikuwa umeota karatasi juu ya karatasi. Barakoa ni lazima. Lifti mtu mmoja. Mkutano umeahirishwa. Misa ya Mtakatifu Nikola bila maandamano. Lamanna alikuwa na ugonjwa wa kusoma kila kilichobandikwa, akasimama kusoma, huku akiinua pembe za karatasi ili aone na zilizofunikwa.

"Umekuja kukagua jengo, Sajini, au kunikamata?"

Mhandisi Attilio Ventrella, mwenye jengo, alikuwa anashuka ngazi na kofia nyeupe ya ujenzi ambayo haijawahi kuguswa na vumbi.

"Nimekuja kwa ajili ya bibi," alisema Nunzia.

"Bado lile la bibi? Sikiliza, dada yangu..."

"Dada yako yuko nyumbani kwake. Mimi ni Inspekta."

Ventrella alitabasamu ndani ya barakoa, ikaonekana machoni. "Inspekta. Mimi niko upande wa sheria. Sheria ya janga imesema mpangaji hatolewi, hata kama halipi. Sawa, sijamtoa. Mwaka mzima nimenyamaza. Lakini haikusema mpangaji akitaka kutoka mwenyewe nimfunge kamba."

"Alitoka kwa gari la wagonjwa."

"Hiyo ni tarehe kumi na tano Aprili. Funguo alizitoa tarehe kumi na nne. Akaugua kesho yake, nikamwonea huruma kama kila mtu. Vitu vyake viko ghalani, nimevifunga vizuri. Hiyo ni bahati mbaya, si jinai."

"Na asingetoka?"

"Nisingeweza kuunganisha nyumba, mchoro wangu ungekufa na tarehe ya serikali ingenipita. Lakini alitoka." Alitazama saa yake. "Kesho saa moja, Inspekta. Njoo uone. Vaa viatu vya zamani."

Nunzia alipanda ngazi kwa hasira, akamwacha Lamanna nyuma kwa ghorofa nzima.

Kwenye ghorofa ya tatu mlango wa kulia ulikuwa na kitasa kipya kinachong'aa. Mlango wa kushoto, wa Porzia Cassano, ulikuwa wazi, na kando yake kulikuwa na kiti cha ukili. Ndani, kwenye meza ya jikoni, alikaa Addolorata Loiacono, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi Dolò: mwanamke wa miaka sabini na minane, aliyekondeshwa na hospitali, mkoba wa nguo za kulalia ungali miguuni pake. Alikuwa ameishi mlango wa pili kwa miaka arobaini na mmoja. Alirudi tarehe tatu Juni akiwa na ufunguo wake mkononi, akaujaribu kitasani mara nne kabla Porzia hajatoka kumshika mkono.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, umepanda kwa haraka."

Nunzia alikaa. "Jana nilikuuliza, na leo nakuuliza tena. Karatasi ya kutoa funguo, uliisaini?"

"Wiki ile homa ilinipanda mpaka nikazungumza na Nicola." Nicola alikuwa mumewe, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili makaburini. "Nilimgombeza kwa sababu ya viatu vyake. Mtu anayegombana na marehemu atakumbuka karatasi? Labda walikuja, labda nilisaini. Nikisema sikusaini nitakuwa nimeapia kitu nisichokijua."

"Ukisema hukusaini utanisaidia sana."

"Najua. Lakini sijui."

Nunzia alimpenda kwa jibu hilo, na papo hapo alitamani kumtikisa mabega. Alimgeukia Porzia. "Nani alimhudumia siku zile?"

"Mimi. Supu ilitoka kwangu. Wiki ile jengo zima lilikuwa linakula mkate na nyanya, mimi peke yangu ndiye mwenye jiko la umeme. Marehemu mume wangu aliogopa gesi kuliko alivyoniogopa mimi. Basi naweka bakuli juu ya kile kiti pale nje, nagonga, nakimbia. Nilimwona Shangazi anavyoshika ukuta akija kulichukua, sikumsogelea. Nisamehe, Shangazi."

"Nikusamehe nini? Na mapafu yako hayo ya karatasi, ungekuwa wa pili kwenye gari."

"Ulimpelekea supu tu?" aliuliza Nunzia. "Kahawa? Chai?"

"Supu tu. Daktari kwenye simu alisema supu."

"Tarehe kumi na nne uliona mtu akiingia kwake?"

"Niliona dari la chumba changu, Inspekta. Mtu akipita kwenye ngazi nazima mpaka redio."

Nunzia aliandika yote, hata ya mkate na nyanya. Alikuwa na desturi ya kuandika kila kitu, kwa sababu kichwa chake huchagua vibaya kikiachiwa.

Simu ililia akiwa anatoka. Alikuwa mtaalamu wa maandishi, mtu ambaye Nunzia alikuwa ameweka juu yake tumaini lote la juma hilo.

"Saini ni yake, Inspekta."

"Una hakika?"

"Hakuna mkono mwingine pale. Imeandikwa na bibi, bila kutetemeka hata kidogo. Pole."

Nunzia aliegemea ukuta wa ngazi. Juu yao mashine ya kutoboa iliunguruma, ikanyamaza. Lamanna alikuwa amefika sasa, anahema, na alimtazama usoni asiulize.

"Rudia hilo la mwisho," alisema Nunzia kwenye simu. "Bila kutetemeka?"

"Mkono imara kabisa. Na jambo jingine, sijui kama lina maana. Karatasi ni kurasa mbili zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa kwanza una matundu mawili ya pini. Wa pili, wenye saini, una manne."

Nunzia alikata simu, akatoa karatasi mbili kwenye daftari lake, akazishika mbele ya Lamanna.

"Ukizibandua hizi mbili na kuzibana upya, zote mbili zitakuwa na matundu manne. Hapa moja ina manne na nyingine mawili. Maana yake?"

"Hii ya nyuma ilikuwa na mwenzake mwingine," alisema Lamanna.

"Na wakambadilishia mke. Shangazi alisaini kitu kingine, siku akiwa mzima. Tarehe kumi na nne alikuwa anashika ukuta kuchukua supu, kesho yake likaja gari la wagonjwa, halafu mkono wake uko imara?"

Alimpigia De Bellis. Alimweleza matundu na mkono. De Bellis alimtaka arudie hesabu ya matundu, na hilo likampa matumaini.

"Wakili wake atasema karani alikosea pini," alisema De Bellis hatimaye. "Na atasema wapo wagonjwa wenye mkono imara. Nataka mdomo wa mtu, Milella. Una shahidi mmoja. Mvunje huyo au nenda ukalale."

Shahidi mmoja alikuwa Sabino Colaianni, msimamizi wa kazi wa Ventrella. Walimkuta uani kwenye kibanda cha mabati, penseli sikioni, michoro mezani. Mtu wa miaka hamsini, mzaliwa wa mtaa ule ule. Alipowaona alisimama, akavuta viti viwili, akavifuta kwa kiganja. Nunzia alianza kwa upole, na Lamanna akaandika.

"Tarehe kumi na nne Aprili. Saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Nani alifungua mlango?"

"Yeye mwenyewe."

"Mlikaa wapi?"

"Jikoni."

"Alivaa nini?"

"Joho la nyumbani. La bluu."

Majibu yalikuja moja moja, makavu, kama ya mtoto aliyekariri katekisimu. Nunzia alimuuliza kuhusu funguo: tatu, kwenye kipete cha shaba. Kuhusu kalamu: ya Sabino. Kuhusu maneno: alisema amechoka na ngazi. Hapakuwa na ufa. Robo saa ilipita hivyo, na Lamanna alianza kujigeuza kitini.

Nunzia alifunga daftari lake.

"Basi. La mwisho, si la kuandika sana. Nafikiri alikupokea vibaya. Miaka arobaini na mmoja, halafu anakuja mtu na karatasi. Mimi ningekuacha umesimama mlangoni."

Sabino aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana ameguswa.

"Shangazi Dolò? Inspekta, wewe si wa mtaa huu. Mama yule hata aliyekuja kumkatia umeme alimnywesha kahawa."

"Kwa hiyo alikupa kahawa?"

"Alinipa. Angekosaje?"

Nunzia aliliacha daftari limefungwa. Alichezea kifuniko cha kalamu kama mtu anayengoja basi. "Na ugonjwa wote ule umejaa mjini, ukavua barakoa ukanywa?"

"Ningeikataa? Kikombe cha mama yule hakikataliwi."

"Ilikuwa kwenye chupa ya chai, au?"

"Chupa?" Sabino karibu acheke. "Ana kibirika chake kile cha alumini, mshikio umeungua upande mmoja. Alikiweka kwenye jiko mbele yangu, kikachemka, akanipa kwanza glasi ya maji, ndipo kahawa. Kwenye vikombe vya ukingo wa dhahabu. Ndivyo alivyo."

"Hakikuletwa kutoka kwa jirani?"

"Jirani wa nini? Nimekuambia mbele yangu."

"Jiko lipi?"

"La gesi. Analo lipi jingine?"

"Andika hilo, Sajini. Vile vile alivyosema." Lamanna aliandika, akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka glasi ya maji. Sabino alisaini bila kusita. Alikuwa na haki ya kutosita, kwa sababu alikuwa ameisema tabia ya Shangazi kwa ukweli kabisa.

"Sajini," alisema Nunzia, "kule mlangoni ulisoma nini?"

"Kila kitu."

"Chini ya barakoa?"

"Lifti."

"Chini ya lifti?"

Lamanna alitazama juu kidogo, kama anayesoma hewani. Kisha akasimama, kwa magoti yale yale, akatoka bila kuaga. Walimsikia akivuka ua. Sabino alichukua penseli sikioni, akairudisha. Juu mashine iliunguruma tena na vumbi likapukutika kwenye mabati.

Lamanna alirudi na karatasi yenye gundi pembeni, akaiweka juu ya michoro. Nunzia aliisoma kwa sauti.

"Kuanzia Jumatatu tarehe kumi na mbili hadi Jumamosi tarehe kumi na saba Aprili, gesi itafungwa kwa jengo zima, ili bomba lihamishwe ukutani kabla ya kuziba kuta. Samahani kwa usumbufu." Aliweka kidole chini kabisa. "Jina hili la nani?"

Sabino alitazama karatasi yake mwenyewe.

"Langu."

"Kwenye mita kulikuwa na kufuli?"

"Kulikuwa nalo."

"Ufunguo kwa nani?"

Mkono wa Sabino ulikwenda mfukoni wenyewe, ukagusa kishada cha funguo, ukatoka. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko nyingi: kutoka jikoni kwa Shangazi hadi kwenye mita ya gesi, ngazi za ghorofa tatu.

"Jengo zima walikula mkate na nyanya wiki ile," alisema Nunzia. "Wewe uliwafungia. Umesahau?"

"Tarehe aliichagua yeye." Sauti ya Sabino ilikuwa ndogo. "Mhandisi. Mwezi wa Mei, bibi akiwa kwenye mashine ya kupumulia, sote tukijua harudi. Kwangu mimi kumi na nne ilikuwa tarehe tu."

"Na ule ukurasa wa saini?"

"Machi nilipita kila mlango, watu wasaini kwamba wanakubali bomba lihamishwe. Kurasa mbili. Saini iko nyuma, peke yake." Alijipangusa uso kwa barakoa. "Siku hiyo ndiyo alinipa kahawa. Ile ya Machi. Sikudanganya kuhusu kahawa."

"Ventrella amekupa nini?"

"Hakunipa kitu. Mimi pia nakaa kwenye nyumba yake, kule nyuma ya stesheni. Mgahawa wa mke wangu umefungwa tangu mwaka jana, tuko nyuma miezi kumi na moja. Zuio la kutoa watu linakwisha tarehe thelathini mwezi huu. Alisema wa kwanza nitakuwa mimi, au sitakuwa kabisa."

Hapo ndipo Nunzia alipoona sheria ile ilivyogeuzwa. Ilikuwa imewakinga wote wawili kwa pamoja, na tarehe ya mwisho wake ilitosha kumfanya mmoja amtupe mwenzake nje.

"Ungesema tu kwamba alikuacha mkavu," alisema. "Hujanywa chochote. Nisingekuwa na pa kukushika."

Sabino alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Niseme Shangazi Dolò alinipokea bila kahawa? Karatasi hiyo ingesomwa mahakamani, Inspekta. Mbele za watu."

De Bellis alisikiliza dakika mbili safari hii, akauliza swali moja tu, kama saini ya Sabino ilikuwa chini ya habari ya jiko. Saa kumi na mbili na nusu amri ilifika. Mashine zilinyamaza. Ventrella alipiga kelele ngazini kuhusu mawakili na tarehe ya serikali, mpaka Lamanna alipomwomba kofia, kwa sababu kituoni haingii mtu na kofia. Gari la pili lilimchukua.

Sabino aliwekwa kwenye gari la Nunzia, mbele ya lango. Fundi wa vitasa alikuja akang'oa kile kinachong'aa.

Shangazi Dolò aliingia kwanza. Vyumba vilikuwa vitupu. Jikoni, juu ya vigae, mraba msafi ulionyesha mahali jiko lilipokuwa, na ncha ya bomba ilikuwa imezibwa. Kwenye ukuta kulikuwa na alama kubwa ya chaki nyekundu, ya kuonyesha pa kuanzia kubomoa. Aliigusa, akasugua kwa kiganja, ikatoka kidogo. Kisha akageuka na kuwaona wamesimama, Nunzia na Lamanna na Porzia, na uso wake ukasawijika.

"Mmeingia kwangu na sina hata maji ya kuwapa," alisema. "Naona haya, mwanangu."

"Tumekuja kazini, Shangazi."

"Kazini ndiyo nini? Nyumba ni nyumba."

"Natengeneza kwangu naleta," alisema Porzia. "Kaeni. Hata pa kukaa hamna, leteni kile kiti cha nje."

Shangazi Dolò hakutaka kukaa. Alikwenda dirishani, akafungua kioo, akasukuma wavu wa kijani apate kuona chini. Alisimama hapo kidogo.

"Nani yule ndani ya gari lenu?"

Nunzia alisita. Lakini mama huyu alikuwa amekataa kumdanganya hata kwa faida yake mwenyewe.

"Sabino Colaianni. Ndiye aliyeapa kwamba ulimkabidhi funguo."

"Sabino, mwana wa Marietta?" Porzia alisema jina hilo kama anatema mbegu. "Nilimbadilishia nguo za ndani akiwa mtoto, mbwa yule."

Mkono wenye chaki wa Shangazi Dolò uliendelea kushika wavu. "Alisemaje juu yangu?"

"Kwamba ulimkaribisha vizuri. Maji kwanza, kisha kahawa. Kwenye vikombe vya ukingo wa dhahabu."

Mama mzee alifikiri juu ya jambo hilo, akitazama chini, paa la gari na kichwa kilichoinama ndani yake. Alifunga dirisha.

"Porzia, fanya vikombe vitano," alisema. "Chake kipeleke kwanza, kisipoe. Amekwisha kuapa kwamba nilimpa."